Unataka kuchukua mbwa mwenye kifafa? Tuongee kwanza kabla hujampakia kwenye bajaji (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Mzee wa Karabai

Wakuu salaam.

Tangu nitupie picha ya Furu, mbwa wangu mwenye kifafa, kwenye ule uzi wa mbwa wa kienyeji, inbox imejaa. Wapo wanaouliza dawa, wapo wanaouliza gharama, lakini wengi ni wa aina moja: "Mkuu nimemwonea huruma sana, akipatikana mwingine kama huyo niunganishe." Hao ndio walionifanya nifungue uzi huu, maana ndio wanaonitia wasiwasi kuliko wote.

Mbwa mwenye ugonjwa wa kudumu hatafutiwi mtu wa huruma. Huruma kila mtu anayo, mpaka yule kijana mwenye jiwe mkononi ukimweleza taratibu. Anatafutiwa mtu ambaye saa moja asubuhi yupo, saa moja jioni yupo, na asipokuwepo yupo mwenzake anayejua vidonge vinakaa wapi. Halafu anatafutiwa mtaa unaojua huyu mbwa ana nini. Ukikosa hayo mawili, mwache alipo, hata kama machozi yanakutoka.

Mimi niko Igombe, nauza nyavu, kamba na maboya, na nyumba iko mgongoni mwa duka. Sitoki hovyo. Mama watoto anashinda mwaloni (pale mitumbwi inaposhusha samaki) kwenye dagaa lakini jioni yupo. Yule mama wa Nyegezi aliyenipa Furu (anaokota mbwa, anawauguza uani kwake kwa hela yake, hana hata kibao) hakuniuliza kama napenda mbwa. Aliniuliza nafunga duka saa ngapi, na nikiitwa msibani nani anabaki nyumbani. Nikajua huyu mama kazi yake anaijua.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Furu hakuzaliwa na kifafa, alipata distempa akiwa mdogo. Siku ya kwanza kwa daktari wa mifugo, daktari alimkunja mdomo kwa kidole gumba akaniita nisogee: meno ya mbele yana vishimo na madoa ya kahawia, kama bati lililoliwa na kutu. Akaniambia kirusi kikimpata mtoto wa mbwa kabla meno ya ukubwani hayajaota, kinaharibu lile gamba gumu la jino, na jino likishaota hivyo ndiyo basi. Yaani historia yote ambayo hakuna aliyekuwepo kuisimulia, ilikuwa mdomoni mwake. Kuna na msuli mmoja kwenye taya la kushoto unaoruka muda wote, hata akiwa amelala fofofo. Ukimwekea kiganja shavuni unausikia unagonga. Huo hauna dawa ya kuumaliza, na mwenyewe haonekani kuujali.

Kwa msiojua: distempa huanza na tongotongo zito, mafua, kukohoa, kuharisha. Mbwa wengi hufa. Anayevuka unaweza kudhani kapona, halafu baada ya wiki kadhaa ugonjwa unatokeza kwenye ubongo, anaanza kuanguka. Baadhi yao wanabaki na kifafa maisha yote. Binadamu haimpati. Chanjo yake ipo, ni ile sindano ya mchanganyiko, watoto wa mbwa huanza kuchomwa wakiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa. Wengi wetu huku tunachanja kichaa tu, tena siku ikitangazwa ya bure, tukishapata ile kadi tunaona mbwa kachanjwa kila kitu.

Nikitulia nitaandika habari za dawa. Wateja wamefika.

binti Kayenze

Nimeweka kiti hapa kaka. Furu mwenyewe mzuri jamani, ila hilo jina ndiyo umemshusha, furu wanaliwa na sangara kila siku 😂

Mzee wa Karabai

Furu waliobaki mpaka leo na sangara wote hawa ziwani ni wabishi dada. Ndiyo maana nikampa.

Kipanga wa Igoma

Samahani mkuu, sitaki kuharibu uzi. Watoto wa watu wanaanguka kifafa vijijini hawana dawa, wewe unampa mbwa. Tuko siriazi kweli?

Mzee wa Karabai

Swali lako nimelipokea, na si wewe wa kwanza kuuliza. Dawa nanunua kwa hela yangu kwa cheti cha daktari wa mifugo, sijaitoa kwenye kabati la zahanati. Ila nikwambie kitu kilichotokea hapa dukani. Kuna mvuvi, mtu mzima, alikuja kununua kamba akamkuta Furu ameanguka. Akakaa kwenye benchi mpaka mwisho. Alipomaliza kuangalia akaniuliza povu lile siogopi kulishika, maana kwao kuna binti wa dada yake anaanguka na wameambiwa atakayeguswa na mate yake naye ataanza. Nikamwambia kifafa hakiambukizi, ampeleke binti hospitali, dawa zipo na wengi zinawatuliza. Alimpeleka. Kwa hiyo mimi sioni kama kidonge cha mbwa kimemnyima mtu chake.

Kipanga wa Igoma

Sawa mkuu. Hapo nimekuelewa nusu. Endelea.

Mzee wa Karabai

Haya, dawa.

Furu anatumia fenobabitali, ileile wanayopewa watu. Daktari hupanga kwa uzito, kawaida huanzia miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo, asubuhi na jioni, zikipishana saa 12. Usikopi dozi ya Furu ukampa wako, nimeandika ili ujue tu kwa nini mizani ni muhimu. Ni dawa ya kudhibitiwa, haiuzwi kiholela, kwa hiyo famasi watakudai cheti na wana haki. Nilishakutana na muuzaji mmoja wa dawa za mifugo mjini akaniambia hiyo haina haja, chukua hii ya minyoo kwanza tuone. Nikamshukuru nikaondoka zangu.

Kidonge chenyewe si ghali. Kinachokula hela ni safari na vipimo. Damu inapimwa kuona kiwango cha dawa na hali ya ini, maana ini ndilo linalobeba mzigo, na daktari wangu anataka kila miezi 6. Ukitoka Igombe na mbwa, daladala sahau. Kuna kijana mmoja wa bajaji amekubali, namtandikia turubai, na ananidai nauli ya watu wawili kwa sababu anasema kichwa cha Furu kinakaa kwenye siti.

Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazovunja watu moyo. Mbwa anatembea akiyumba, miguu ya nyuma inapishana, analala mchana kutwa, anakunywa ndoo nzima ya maji na kukojoa popote. Watu wanasema dawa imemharibu, wanaiacha. Hapo ndipo pabaya, kwa sababu fenobabitali haikatizwi ghafla. Ukiikata leo, kesho anaweza kuanguka mfululizo na hilo linaua. Mwili ukishaizoea, kile kilevi kinaondoka. Kinachobaki ni njaa.

Na njaa hiyo, wakuu, mtaa mzima wa wanika dagaa wana habari nayo. Dagaa wakianikwa mchangani, Furu anaanza pembeni kwa heshima, mmoja mmoja, macho yako kwa mwenye mali. Ukigeuka anazoa. Nimeshalipa sado za dagaa mpaka akina mama wakipunguziwa bei na wachuuzi wananiangalia mimi. Siku hizi wakianika nampa kamba ya kutosha kufika kivulini tu.

Uzito nao unapanda, na dozi inakwenda na uzito. Mizani ya daktari iko mjini, kwa hiyo mimi namtia kwenye salfeti, kichwa nje, namning'iniza kwenye mizani ya samaki pale mwaloni. Anatulia kabisa. Kila mara lazima atokee mchuuzi mmoja aulize kilo shilingi ngapi.

Chakula ni dona na mapanki (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa) yaliyochemshwa mpaka mifupa inapondeka, au dagaa. Kidonge ni kichungu, kwa hiyo nakifunika ndani ya tonge dogo la ugali na utumbo wa sato, na kabla yake anatanguliziwa tonge tupu ili asishtuke. Usimwagie juu ya sahani ukaondoka. Mbwa wangu mwingine, Chui, aliwahi kuonekana analamba sahani hiyo, tangu hapo nasimama mpaka ameze.

Nina daftari la shule. Naandika tarehe, saa aliyoanguka, dakika alizochukua, na kilichotangulia. Mjini kuna watu watakwambia kifafa kinafuata mwezi. Huku kwetu mbalamwezi ndipo mitumbwi ya dagaa inapopumzika, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa na taa inataka giza. Basi mwezi ukiwa mpevu vijana wote wako nchi kavu, muziki mpaka majogoo, hakuna anayelala, mbwa wala mtu. Ukifuatilia daftari langu utaona usingizi uliokatika na kidonge kilichochelewa. Mwezi wenyewe sijauona humo.

Nshomile wa Kemondo

Mkuu bandiko zuri sana. Swali: kupe unafanyaje? Mimi wangu nawaogesha dawa ya josho ya ng'ombe, wanabaki wasafi kabisa.

Mzee wa Karabai

Kwa mbwa mwenye kifafa usithubutu. Dawa nyingi za josho zinashambulia mishipa ya fahamu ya kupe, na kipimo cha ng'ombe kwenye ngozi ya mbwa anayejilamba ni hatari hata kwa mzima. Hata vile vidonge vya kisasa vya kupe, kundi la isoksazolini, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2018 kwamba vinaweza kuwasababishia baadhi ya mbwa kutetemeka na kuanguka. Mbwa wengi vinawafaa bila shida, ila kwa aliyekwisha kuwa na kifafa lazima daktari aamue. Mimi nakaa kibarazani jioni na kibanio, masikio kwanza, halafu katikati ya vidole, maana ndipo wanapojificha. Na nimefagia nyufa za banda, kupe wa mbwa wanazaliana ukutani.

Mwingine: mkiona mbwa anaumwa mguu msimpe diklofenaki wala ibuprofeni za kwenu. Tumbo na figo zinaharibika.

Daktari wa Ng'ombe

Mzee wa Karabai hongera, umeandika kwa uangalifu. Naomba niongeze jambo moja kama mtu wa fani, na naomba lisirukwe.

Mbwa usiyemjua, hujui chanjo yake, umemkuta barabarani anatetemeka na kutoa povu: huyo kwako ni mshukiwa wa kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vinginevyo. Usimshike, usimbebe, usimfungue mdomo. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Tofauti ni hii: wa kifafa anaanguka, anaamka, baada ya muda anakula na kunywa, na wiki ijayo bado yupo. Wa kichaa anabadilika tabia, sauti inabadilika, anashindwa kumeza, anapooza, na dalili zikishaanza hufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana mbwa aliyeng'ata mtu, akiwezekana kufungiwa salama, anaangaliwa siku 10. Na wewe uliyeng'atwa usisubiri hizo siku: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa kikianza kwa binadamu hakuna tena matibabu ya kumwokoa.

Kuhusu distempa, wenzetu wa Busega na Magu mko jirani na Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa huu uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu simba 1,000, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio waliotajwa kuwa chanzo. Chanjeni.

Mzee wa Karabai

Daktari shikamoo, nimefurahi umepita. Furu alikaa ametengwa kwa yule mama wa Nyegezi muda wa kutosha kabla hajaguswa na mtu mwingine, na mama mwenyewe amechanjwa kichaa kwa sababu ya kazi hiyo. Hapo ndipo tofauti ya kuchukua kwa mtu anayejua na kuokota mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye mtaa, na hili ndilo nilitaka niliandike tangu mwanzo.

Furu akikaribia kuanguka anakuja kusimama karibu na mguu wangu, analamba midomo, anatazama ukuta. Hapo nina muda mfupi wa kusogeza viti na kumtoa karibu na jiko la mkaa. Halafu anaanguka ubavu, miguu inapiga hewani, taya linagongana, povu, mkojo. Simshiki mdomo wala siweki kijiko, ulimi haumezwi, ni hadithi. Naangalia saa kwenye simu. Dakika moja ukiwa umesimama pale ni ndefu sana. Ikifika dakika 5 hajaacha, au akianguka mara ya pili ndani ya saa 24, hiyo ni dharura na daktari ananielekeza kutumia ile diazepamu (dawa ya kukatisha degedege) aliyoniachia ya kupitisha nyuma, huku bajaji inakuja. Akimaliza, kwa muda haoni vizuri, anatembea na kugonga ukuta, hanijui. Muda huo anaweza kukung'ata bila nia. Nafunga mlango wa uani, nazima redio, namlowesha makanyagio na masikio kwa maji ya kawaida, namwacha.

Hayo yote ni nyumbani. Sasa piga picha yanatokea njiani kuelekea mwaloni, saa nne asubuhi, watoto wametoka kuteka maji.

Ilitokea. Mtoto mmoja akapiga kelele "kichaaa!", na kabla sijafika vijana wawili wameshatoka kwenye mtumbwi na makasia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, inakataza ukatili kwa mnyama, lakini mbele ya makasia huwezi kuanza kusoma kifungu. Na vijana hawakuwa na ubaya, wanajua kichaa kinaua, na wamefundishwa mbwa wa povu anapigwa. Aliyemwokoa Furu ni mama mmoja mwanika dagaa, yuleyule anayenidai sado. Aliweka beseni chini, akasimama katikati, akasema: "Huyo ni Furu wa dukani. Ana degedege lake, kadi yake ya chanjo iko kwa mwenyekiti. Rudini kwenye mtumbwi." Wakarudi.

Alijua kwa sababu nilikuwa nimeshapita. Kabla Furu hajafika Igombe nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala ya kadi ya chanjo ya kichaa yenye muhuri, na karatasi ya daktari inayosema mbwa huyu ana kifafa. Mwenyekiti akacheka kidogo, akasema hajawahi kupokea barua ya mbwa, akaibandika ofisini. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, nikawaonyesha video aliyonitumia yule mama, mwanzo mpaka mwisho, mpaka pale Furu anapoamka na kuomba chakula. Video inafanya kazi kuliko maelezo. Mtu akishaona mwisho wake, hofu inapungua. Mkanda wa shingoni ni mwekundu, haumvuki hata usiku, maana mbwa asiye na mkanda anahesabika mzururaji.

Kwa jirani yangu ustadhi nilikwenda peke yangu, bila mbwa. Nikamwambia ukweli kwamba akianguka mate yanatapakaa, na sitaki yafike kwenye njia yake ya msikitini. Tukakubaliana upande ule nijenge uzio wa mabanzi, yeye akatoa misumari. Hadi leo Furu akianguka usiku yeye ndiye anayenipigia ukutani kwanza.

Mama Sato

Nimesoma yote jamani. Mimi niko Sengerema, nina huyu wangu ana kifafa pia, daktari niliyezoea yuko Mwanza mjini. Zamani akianguka usiku unawaza kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 angalau napita. Ila swali langu ni ziwa: wangu anapenda kuogelea balaa.

Mzee wa Karabai

Mama shikamoo. Kuogelea peke yake ni marufuku. Akianguka kwenye maji ya magotini tu amekwisha, na utakuwa umesimama hapohapo. Wangu anaingia akiwa na kamba ndefu na koti la boya nililomshonea kwa vipande vya dukani, na haendi palipo na mamba hata kama maji yanavutia.

kijana wa Mabatini

Kaka mimi nimekuelewa na bado namtaka. Naendesha boda, natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku, naishi peke yangu chumba kimoja huku mlimani kwenye mawe. Ila mapenzi ninayo na hela ya dawa haitanishinda.

Mzee wa Karabai

Mdogo wangu, hapana. Usinune. Chumba kimoja chini ya bati, mlango umefungwa mchana kutwa, mbwa anaanguka humo na joto lile, nani atajua? Na kidonge cha saa moja asubuhi nani anatoa?

Ila mbwa wa mahitaji maalumu hawako wa aina moja, na hili watu wengi hawalijui. Kuna ugonjwa wenye mwisho na usio na mwisho. Kwa yule mama kulikuwa na jike mwenye ule uvimbe wa sehemu za siri, ambao mbwa wanaambukizana wakipandana. Ukimwona unakata tamaa, damu inadondoka. Lakini huchomwa vinkristini mara moja kwa wiki, mara nyingi sindano 4 hadi 6, na wengi wanapona kabisa. Ni dawa kali, lazima daktari achome mshipani kwa uangalifu, na mkojo wake siku zile usiusafishe bila glavu. Lakini ukishamaliza umemaliza. Kuna na wa miguu mitatu. Jeraha likishapona huyo anataka tu asinenepe na asikatike kucha. Wewe na boda yako huyo mnawezana. Wa sukari usimguse, ni sindano ya insulini mara mbili kwa siku na friji, na umeme wetu unaujua.

binti Kayenze

Na wa kupooza miguu ya nyuma je? Shemeji yangu kamkuta mmoja kagongwa na gari barabara ya Airport.

Mzee wa Karabai

Huyo dada ndiye mgumu kuliko wangu. Kiti cha magurudumu fundi wa kuchomelea atatengeneza kwa mabomba na tairi za kitoroli, hiyo ni rahisi. Kazi ni kibofu. Wengi wao hawawezi kukojoa wenyewe, lazima wakamuliwe kwa mkono mara tatu au nne kwa siku, na mkojo ukibaki ndani figo zinakufa. Mwambie shemeji ampeleke kwanza akapigwe picha ya mgongo na daktari aangalie kama miguu inasikia maumivu ikifinywa kwa nguvu. Ikiwa inasikia, matumaini yapo. Ikiwa haisikii kabisa, azungumze na daktari kwa uwazi, pamoja na suala la kumlaza (kumpumzisha moja kwa moja kwa sindano), asilione ni dhambi kuliuliza.

Kipanga wa Igoma

Mkuu na wewe, dawa zikigoma kwa Furu?

Mzee wa Karabai

Tumeshaongea na daktari. Kuna dawa ya pili ya kuongeza, potasiamu bromidi, kupatikana kwake ni kwa kuagiza. Ikigoma nayo, na siku za kuanguka zikizidi siku za kukimbiza kuku, atalazwa nyumbani kibarazani, na mimi nikiwepo. Mama watoto hataki niandike hivyo lakini tumekubaliana.

kijana wa Mabatini

Basi kaka, huyo wa miguu mitatu bado yupo?

Mzee wa Karabai

Yupo, dume, wa rangi ya majivu, kachanjwa na kahasiwa. Njoo inbox nikupe maelekezo ya Nyegezi, ila nenda Jumapili, siku nyingine mama yuko sokoni. Wengine mnaouliza yule wa sukari, ameshapata watu Bwiru wenye sola. Na atakayekuja kuniuliza mbwa wa kifafa, aje na jina la mtu wa pili atakayetoa kidonge. Bila jina hilo sijibu.